Namna ya kupima faida ya matunzo na QALY: mwongozo kamili, hatua kwa hatua, kutoka Kadutu

Mwaka jana mituele yetu ya afya (chama cha kuchangia makuta ya matunzo), apa Kadutu, Bukavu, ilibakiza makuta kidogo kwa kese nyuma ya kulipa fakitire zote, na siku ya kikao kila mutu akakuja na yake. Mama moja anauzisha sambaza (samaki kidogo za ziwa) kwa soko aliomba tulipie operesheni ya mtoto wa jicho, juu bamama mingi ba umri wake banaanza kuona giza. Papa moja eko na ndugu anasafishwa damu kwa mashini sababu figo zilikufa, yeye akaomba tusaidie ile. Infirmye wetu akasema mbele ya yote tuongeze dawa ya malaria kali ya batoto. Tulipiga kelele masaa mbili, wa sauti kubwa wakakaribia kushinda, na mimi mwenye kuandika rapore sikukua na kitu cha kuandika. Kutoka pale njo nilianza kujifunza hii hesabu inaitwa QALY (kwa Kiingereza quality-adjusted life year, mwaka wa kuishi uliopimwa pamoja na hali yake), nimeshaifanya mara kadhaa sasa, na naona ata mutu hakusoma ekonomi anaiweza na biki, kaye na simu yake.

Wazo lenyewe ni hili. Matunzo inakupa bintu mbili: miaka ya kuongeza, ao miaka ile ile lakini bila mateso. Sasa dawa moja inaongeza miaka, ingine haiongezi ata siku lakini inatoa maumivu, utazipima namna gani kwa mizani moja? QALY inasema mwaka mumoja ukiwa muzima kabisa ni 1, kifo ni 0, na mwaka mumoja wa ugonjwa ni namba fulani katikati. Ukiishi miaka 10 kwa hali ya 0,5 uko na QALY 5, sawa na mutu aliishi miaka 5 akiwa muzima. Basi. Zingine zote apa chini ni namna ya kupata ile namba ya katikati bila kujidanganya, na kazi iko pale.

Na kama unafikiri hii ni kitu ya juzi, apana. 1968 kule Marekani Klarman na wenzake walikua wanalinganisha batu ba mashini ya figo na batu walipandikizwa figo, wakaona kuhesabu miaka peke haitoshe, wakasema mwaka na figo ya kupandikizwa uhesabiwe kama mwaka na robo wa kwa mashini. Jina QALY lilikuja nyuma, kwa miaka ya 1970. Papa wetu wa figo aliposikia kama hesabu ilianzia kwa ugonjwa wa ndugu yake alicheka kidogo, alafu akanyamaza.

Hatua ya kwanza: andika swali kwa mustari moja, usiharakishe. Matunzo gani, ya nani, kulinganisha na nini, kwa miaka ngapi, na makuta ya nani. Batu karibu yote banaangukia kwa "kulinganisha na nini". Banachukua dawa mupya, banahesabu faida yake yote kama vile mbele yake hakukua kitu. Lakini kama mugonjwa alikua anapata dawa ingine tayari, faida ya dawa mupya ni paka ile tofauti juu ya ya zamani. Tutarudilia hii kwa malaria, pale utaona inageuza hesabu yote.

Makuta ya nani, hii pia useme mapema. Ukihesabu kwa upande wa mituele, moto (pikipiki) ya kupandisha mugonjwa na siku mutoto wake alikosa kazi haziingie. Ukihesabu kwa upande wa familia, zinaingia. Zote mbili ni sawa, kosa ni kuchanganya.

Hatua ya pili: eleza hali ya mugonjwa. Kifaa kinatumikishwa zaidi kwa dunia kinaitwa EQ-5D, kilitengenezwa na batafiti ba Ulaya walianza kukusanyika 1987. Kinauliza bintu tano: kutembea, kujisafisha na kujivalisha, kazi za kila siku, maumivu, na wasiwasi ao huzuni. Zamani kila moja ilikua na majibu matatu, hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, na ukizichanganya unapata hali 243. Ile mupya iko na majibu tano kila moja, hali zinafika 3.125. Mugonjwa anabakia na kodi (code, si ya kulipa) ya tarakimu tano, 1 ni hakuna shida, 5 ni mbaya kabisa. Mama mwenye mtoto wa jicho aliyeniambia anatembea kwa kushika ukuta, kuvaa anajaribu, biashara imeanguka, maumivu hakuna, huzuni iko, nilimwandika 3-2-4-1-3.

Apa nisimame kidogo, juu karatasi inaonekana mwepesi lakini kwa benchi mambo inageuka. Swali la kutembea: Kadutu nani hana shida ya kutembea? Ukitoka chini na bidon ya litre 20 ata kijana anapumua. Na swali la wasiwasi, mama wa sambaza aliniangalia akauliza, "Wasiwasi ya macho ao ya hii hali yetu?" Swali zuri kupita langu. Kama unaandika wasiwasi yote ya muji juu ya mugongo wa jicho, operesheni itaonekana itaondoa ata ile haiwezi kuondoa. Dawa yake ni kuuliza pia majirani ba umri ule ule bazima ba macho, uone wao banajibu nini. Kwangu majirani hawakufika 1, walikua chini kidogo, na ile njo dari yako: munganga wa macho hawezi kumfikisha mama juu ya pale jirani yake eko. Na kitu ingine, usitafsiri ile maswali wewe mwenyewe usiku. Kiswahili chake iko, waliokitengeneza njo wanatoa ruhusa.

Hatua ya tatu: geuza ile kodi kuwa namba. Kwa inchi zingine waliuliza raia wa kawaida, wakatengeneza tablo, wewe unatafuta tu kodi yako. Ile ya Uingereza ya 1997, kwa majibu matatu, ilitoka kwa batu karibu 3.000. Kwa ile tablo 1-1-1-1-1 ni 1, na 3-3-3-3-3, mutu wa kitanda, maumivu makubwa, huzuni kubwa, ni −0,594. Ndiyo, chini ya ziro, maana waliouliziwa walisema afazali kufa kupita kuishi vile. Afrika pia tablo ziko: Zimbabwe walifanya zamani, Ethiopia na Uganda wakafanya nyuma kwa majibu tano. Mimi kwa Bukavu ningeanza na ya Uganda. Kuchukua ya London kupima mama wa Kadutu ni kuvaa kiatu cha mutu mwingine: unaweza kutembea lakini usishangae vidonda.

Ukikosa tablo unauliza mwenyewe, na njia iko tatu. Ya kwanza unachora kama termometa kutoka 0 paka 100, mugonjwa anaweka kidole. Rahisi, lakini hapotezi kitu akijibu, kwa hivi namba inakua ya kupeperuka. Ya pili ni bahati nasibu: kuna operesheni, ikifaulu unapona kabisa, ikikosa unakufa, utakubali hatari gani? Mimi niliijaribu mara moja, mama mumoja akadhani nimekuja kumtangazia operesheni ya kweli, nikaiacha. Ya tatu njo ninaipenda, kubadilisha wakati. Unamwambia, tuseme uko na miaka 10 mbele na haya macho. Ao upewe miaka kidogo lakini macho mazima. Ngapi ingetosha ili uone ni sawasawa?

Miaka 10 kwa mudomo haishikike, kwa hivi nilitumia maharagi. Nilipanga mbegu 10 kwa meza ya mama wa sambaza, nikamwambia kila mbegu ni mwaka mumoja, hii mustari ni ya macho ya leo. Pembeni nikapanga zingine 10 za macho mazima. Sasa toa kwa hii mustari ya pili moja moja, usimame pale utaona mistari mbili zinakulingana. Akaweka mikono kwa magoti. "Miaka ni ya Mungu, mimi sitoe." Na wengi bananiambia ivo, hii si kukosa kuelewa, ni jibu. Usimulazimishe. Nilichofanya, nilimuuliza kama Mungu mwenyewe njo amepanga mistari mbili na anamwachia achague moja, angeshika ipi, na mimi njo nikawa natoa mbegu badala yake. Kwa 9 alichagua macho mazima, kwa 8 vile vile, kwa 7 pia, kwa 6 akafikiri sana akasema "apa sasa sijue." Pale "sijue" njo jibu lako. 6 juu ya 10, ni 0,6. Niliuliza batu wanane vile, na katikati yao ilikua karibu na ile ile.

Wale wanakataa kabisa usiwaandike 1 kama vile hawana shida. Andika "alikataa" na uhesabu ni wangapi.

Hatua ya nne: zidisha na miaka. Chora, ni muzuri kupita kusema. Mustari wa chini ni miaka, wa kusimama ni hali kutoka 0 paka 1. Bila operesheni mama eko kwa 0,6, tuseme miaka 12. Na operesheni eko kwa 0,85, sikuweka 1 juu ya ile dari ya majirani. Eneo katikati ya mistari mbili njo faida: 0,25 mara 12 ni QALY 3. Kumbuka operesheni haikumuongezea ata mwaka mumoja wa kuishi, lakini hesabu imeona faida yake.

Hatua ya tano inaudhi batu: kupunguza thamani ya miaka ya mbali. Faida ya leo inahesabiwa kupita ile ya miaka 20, kama vile dola ya leo na dola ya ahadi. Desturi kwa dunia ni 3 kwa mia kwa mwaka, Uingereza wanatumia 3,5. Unagawanya mwaka wa kwanza na 1,03, wa pili na 1,03 mara 1,03, ivo ivo. Miaka 12 inabakia kama 9,95, na QALY 3 zinashuka kuwa 2,49. Mimi nahesabu zote mbili, na kupunguza na bila kupunguza, naandika zote kwa kaye, juu hii 3 kwa mia inaumiza sana matunzo ya batoto ambao faida yao iko mbali.

Hatua ya sita, makuta. Bei ninaweka apa ni za mfano, wewe uweke za kwenu. Operesheni dola 150, gawanya na 2,49, inakua dola 60 kwa QALY moja.

Sasa malaria kali, na apa tuko na utafiti wa kweli. 2010 walitoa matokeo ya AQUAMAT, batoto 5.425 kwa inchi 9 za Afrika, Kongo yetu ndani. Walilinganisha sindano ya artesunate na kinini, dawa ya zamani. Kwa kinini walikufa 10,9 kwa mia, kwa artesunate 8,5 kwa mia. Tofauti ni batoto 2,4 kwa kila 100. Tuseme kila mutoto anaokoka anaishi miaka 50 mbele kwa 0,9. Bila kupunguza ni 2,4 mara 50 mara 0,9, QALY 108 kwa batoto 100. Ukipunguza na 3 kwa mia, miaka 50 inabakia 25,7, unapata karibu 55,6. Kama artesunate inazidi kinini dola 2 kwa mutoto, ni dola 200 kwa batoto 100, gawanya na 55,6: dola 3,60 kwa QALY. Uliona? Sikuhesabu batoto yote walipona, juu wengi wangepona na kinini pia. Ningelinganisha na kutotunza kabisa, ningeipa sindano sifa ambayo si yake yote. Infirmye wetu alifanya ile kosa kwa kikao na bado alikua na haki, namba yake tu njo ilikua kubwa kupita kiasi.

Na figo. Mashini mara tatu kwa juma ni mara 156 kwa mwaka, tuseme dola 100 kila mara: 15.600. Bila mashini mugonjwa hana muda, kwa hivi upande ule ni karibu 0. Na mashini tumpe 0,6. Dola 15.600 kugawanya na 0,6 ni 26.000 kwa QALY moja. Ao kwa luga ya kese: mwaka mumoja wa mutu mumoja kwa mashini ni operesheni 104 za macho. Nilipoandika hii namba kwa ubao nilitamani kuifuta.

Hatua ya saba, tikisa namba zako, juu mutu atakuambia umezitoa mufukoni na eko na haki kidogo. Chukua kila namba uliyokisia, uiweke mbaya kabisa, uone kama mupangilio unageuka. Macho: faida ikue 0,10 peke, miaka 6 peke, unapata QALY 0,6 na dola 250 kwa moja. Ongeza kama operesheni moja kwa kumi haifaulu, inafika karibu 280. Figo uiweke muzuri kabisa: bei nusu, hali 0,9, inashuka karibu 8.700. Mupangilio haukugeuka, basi ule ugomvi wa kama ni 0,6 ao 0,7 muuache, haubadilishe kitu. Lakini siku namba mbili zitakua dola 60 na dola 75, usijidanganye kama umeona tofauti, pale uchague kwa sababu zingine.

Batu banauliza, dola ngapi kwa QALY njo "muzuri"? Uingereza wana shirika NICE, lenye kushauri matunzo gani ilipiwe, lilianza 1999, na kwa miaka mingi mupaka wao ulikua pauni 20.000 paka 30.000. Kuna ile ya kusema mupaka ni mara moja ao mara tatu ya pato la mutu mumoja kwa inchi, ilizungukazunguka sana, alafu OMS (Shirika la Afya Duniani) wenyewe wakakuja kusema isitumiwe peke yake kama sheria ya kukata. Kwa mituele kama yetu mupaka ni kese. Panga kutoka bei ya chini kwa QALY kwenda juu, shuka na liste paka makuta iishe. Ukikutana na DALY kwa rapore za OMS ao Banki ya Dunia, ile ni upande wa kioo: pale 0 ni uzima na 1 ni kifo, banahesabu kinachopotea. Usizijumlishe pamoja na QALY.

Sasa kile hesabu haioni, na apa naomba usome polepole. Siku niliileta kwa kikao papa wa figo alisimama akauliza, "Kwa hiyo ndugu yangu ni 0,6?" Nikamwambia apana papa, 0,6 ni ya mwaka wake na ile mashini, si ya yeye. Ni kweli, lakini sikulala vizuri, juu kuna mutego pale. Chukua kijana alizaliwa kilema, hali yake ya kila siku tablo inasema 0,7. Ukimwokoa na malaria, mwaka wake unahesabiwa 0,7, na wa mwenzake 1. Wote wawili walipona malaria ile ile! Juu ya hii sheria ya Marekani ya 2010 ilikataza Medicare, bima ya serikali ya bazee, kutumia QALY kama mupaka wa kukubali ao kukataa matunzo. Na mbele yake, 1990, Oregon walipanga matunzo ya bamaskini kwa faida na bei, kompyuta ikatoa liste ambayo kufunika meno ilikua juu ya kupasua apandisite. Batu walicheka, lakini hesabu haikukosea kujumlisha, ilifanya vile walivyoituma: kitu kidogo cha bei ndogo kikapita kitu kikubwa kinachookoa mutu. Walirudi kuipanga na mikono.

Tena ile maswali tano. Apa Bukavu kila mutu anajua kazi ya hospitali ya Panzi kwa bamama ba fistula (tundu la ndani linalovujisha mukojo). Hakuna swali ata moja pale la harufu, la bwana aliyemufukuza, la kukaa nyuma kabisa kwa kanisa. Sehemu itaingia kwa huzuni, zingine zitaanguka chini ya meza. Na yule mutoto wa kike anashika mama kipofu mukono siku yote badala ya kwenda masomo, kwa hesabu yangu ya macho eko ziro. Kwa hivi chini ya tablo naacha ukurasa, kila mutu wa komite anaandika kile hakikuingia, na tunasoma ile ukurasa kwa sauti mbele ya kupiga kura.

Tulikata vipi? Tofauti ya bei ya artesunate tuliipitisha bila mutu kubisha. Macho, tulianza na bamama ambao kuna mutoto wa nyumba amefungwa kwa kuwashika mukono, hii hesabu haikusema, ukurasa njo ulisema. Mashini ya figo mituele haiwezi, ingekula kese yote na isifike ata mwezi wa pili, lakini tulifungua kisanduku pembeni kwa wenye kupenda, cha moto za kumpeleka. Papa hakufurahi. Alitoa wa kwanza.

Kitu cha mwisho ni cha kaye. Pembeni ya kila namba andika nani aliisema, tarehe, na siku ile dola ilikua franga ngapi. Kwa ile 0,6 yangu imeandikwa "mama wa sambaza na wenzake 7, maharagi", na kwa 0,85 imeandikwa "nimekisia". Bawili kati yao bameshaoperewa sasa, kiisha mvua hii kukatika nitapanda kwao na mbegu zile zile 10.